Ukurasa Mmoja wa Gari la Wagonjwa

Vijana wa chumba cha kompyuta, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kuandaa mpango wa mradi mdogo wa programu. Nadhani mlitaka kitu chenye vichwa vya habari na vistari. Mngekuwa mnanijua vizuri msingeniomba mimi, maana jambo huwa naliandika kuanzia lilikoanzia, na hili lilianza kabla hospitali yetu haijaona kompyuta. Basi chemsheni chai, mkae. Mimi nimestaafu, haraka nimewaachia nyinyi.

Kazi niliianzia kwenye chumba cha redio. Si redio ya muziki. Ilikuwa redio ya mawasiliano, sanduku la kijivu lenye kipaza sauti cha kushika mkononi, na lilitumia betri ya gari iliyowekwa sakafuni. Zahanati za mbali, Kamuli, Kibingo na kwingineko, kila moja ilikuwa na sanduku lake. Mgonjwa akizidiwa nesi anaita, mimi naitika, kisha namkimbilia dereva kumwambia aende wapi. Kwa maneno ni kazi ya mtu yeyote mwenye masikio. Nilidhani nitaimudu kabla ya Jumapili.

Aliyenifundisha ni Mzee Bitegeko, mtu mfupi mwenye koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka vipi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, kisha akaninyooshea kipaza sauti.

"Ongea," akasema.

"Niongee nini, mzee?"

"Chochote, ila kiwe kifupi."

Sasa huku kwetu salamu peke yake ni shughuli. Unauliza mtu kaamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe je, kibanja cha migomba kinasemaje, mvua imefika kwenu. Nikaiita zahanati ya Kamuli nikaanza kusalimia kama nilivyolelewa. Sikufika hata kwenye ng'ombe. Mzee Bitegeko aliinama, akachomoa waya wa betri. "Huo umeme ulikuwa wa mtu anayetokwa damu," akaniambia. Nilikasirika mno, maana nilikuwa binti wa kwaya ya Walutheri, mwenye adabu zake. Lakini tangu siku hiyo salamu zangu za redioni zikawa neno moja, na nyumbani wakaanza kunung'unika kwamba kazi imenitia kiburi.

Alinifundisha pia kuongeza maji ya betri bila kuunguza vidole, na kurudia ujumbe niliousikia kabla ya kusema "sawa". Hakutaka kusikia neno "mahututi". Alisema kwa nesi aliye peke yake kilimani kila mgonjwa ni mahututi, kwa hiyo neno hilo halimsaidii mtu. Niulize mgonjwa anapumuaje, anatoka damu au hatoki, ana mimba au hana. Mpaka leo mtu akiniambia jambo lake ni la dharura, namuuliza maswali ya Mzee Bitegeko, hata kama ni fundi wa bomba.

Zikaja simu za mkononi, redio ikahamishiwa stoo, na mimi nikahamishiwa mapokezi ilikowekwa kompyuta ya kwanza. Tuliipokea kwa heshima. Mhudumu wa usafi aliifumia kitambaa cha rangi ya maziwa, na kila jioni tuliifunika. Nilichaguliwa kujifunza kuitumia kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa najua waya mwekundu na mweusi haziunganishwi ovyo. Elimu hiyo ilitosha kwa miaka kadhaa. Baadaye ilipoanzishwa ofisi ya kompyuta, nikajikuta ndani yake pamoja na mashine zote zilizokuwa zimekufa, ingawa simu ya mapokezi niliendelea kuipokea mimi.

Programu yetu ya kwanza ya kutengenezewa ilikuwa ya stoo ya dawa. Haikuwa na mpango wowote. Kila aliyepita alisema, "Na hiki nacho kiwekwe," na kijana aliyekuwa akiitengeneza hakujua kukataa. Ikawekewa zamu za manesi, ikawekewa orodha ya kwaya, mwishowe ikaweza kutukumbusha siku ya kuzaliwa ya kila mfanyakazi. Lakini ukiiuliza kama dawa ya malaria ipo, inafikiri mpaka unaamua kwenda stoo kuangalia kwa macho. Tuliiacha kimyakimya. Hapo ndipo nilipoamua kwamba katika ofisi ninayokaa mimi, hakuna mtu atakayegusa kibonye kabla hajaandika ukurasa mmoja.

Miaka ya mwisho kabla sijastaafu akaja Jovin. Ninyi wengi mnamjua, kwa hiyo sitamsifu sana. Ni mtoto wa Omurushaka, alizaliwa kwenye nyumba ya duka kando ya barabara kuu, akasoma hadi chuo kikuu, akarudi na kompyuta yake mgongoni. Tatizo tulilompa lilikuwa la zamani: gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya habari, wala si kwa sababu ya magurudumu. Jovin alisikiliza, akafungua kompyuta papo hapo aanze kazi. Nikaifunga kifuniko, taratibu, vidole vyake vikiwa bado juu yake.

"Mama Koku, mbona naijua hii?" akasema. "Wiki mbili tu nimemaliza."

"Ndiyo maana nataka uiandike. Ukishaimaliza sitaweza tena kukubishia."

Aliondoka na karatasi akarudi kesho yake. Kwenye sehemu ya kwanza, ya tatizo, alikuwa ameandika: "Ukosefu wa mfumo jumuishi wa kidijitali wa usimamizi wa rufaa." Nikamwambia hilo si tatizo, hilo ni bango la semina. Tatizo ni kwamba nesi wa Kibingo anapiga simu, simu yangu inaongea na mtu mwingine, dereva yuko Omurushaka anaweka mafuta, na mama mjamzito amelala kwenye benchi. Aandike hivyo hivyo, na benchi aliweke. Akacheka, lakini aliandika.

Sehemu ya pili ni watakaoitumia. Nilimtaka aandike majina ya watu, wala si vyeo, maana cheo hakisahau miwani nyumbani, mtu husahau. Sehemu ya tatu ni itafanya nini, na hapo nilimruhusu mambo machache sana. Nesi au mhudumu wa afya wa kitongoji anabonyeza mara moja kwenye simu yake. Simu za dereva wa zamu, wodi ya wazazi na mapokezi zinalia kwa pamoja. Dereva naye anabonyeza "nimeondoka", "nimefika", "nimempakia", nasi tunaona. Basi.

Sehemu ambayo hamuipendi ni ya nne, ya mambo ambayo programu haitafanya. Ndiyo huwa ndefu kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi. Jovin alitaka ramani ambayo gari linatembea juu yake. Alitaka sauti ya kike inayosema "asante". Nikakata. Mganga mkuu alitaka ripoti ya kila mwezi itoke yenyewe. Nikakata pia, kwa heshima zaidi. Kitu kimoja tu cha Jovin nilikiacha, kwa kuwa kilikuwa cha maana: simu inapotuma ujumbe, itume na mahali ilipo. Zamani gari liliishia zahanati na mgonjwa akaletwa hapo. Sasa dereva angeweza kwenda moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mgonjwa. Tulifurahi wote, na mimi nikiwemo.

Mwisho kabisa ni kujua kama imefaulu. Sentensi yetu ilikuwa hii: "Gari limefika kwa mgonjwa mapema kuliko zamani." Tuliisoma kwa sauti mezani: mimi, Jovin, mkunga mkuu, nesi wa Kibingo na Projestus, dereva wetu wa siku nyingi. Sote tulizaliwa kati ya Karagwe na Kyerwa. Sote tulisema ni sentensi nzuri. Angekuwepo mgeni mmoja tu, mtu wa Dodoma au wa Tanga, angeuliza swali la kijinga: huyo mgonjwa huwa anafikaje barabarani? Hakuwepo.

Hufika kwa engozi. Kwa wale mliotoka mbali, engozi ni machela. Ni kitanda chepesi kilichosukwa, kinachofungwa kwenye miti miwili mirefu na kubebwa mabegani. Ndugu zetu wenye asili ya Rwanda na Burundi huiita ingobyi, na ni kitu kile kile. Kila kitongoji kina chama chake, na mwanamume asiyetoka kubeba anatozwa, na tena anaangaliwa vibaya. Mtu akizidiwa unapigwa ukelele, wanaume wanaacha majembe, wanabadilishana mabega njiani huku wakienda mbio. Mimi mwenyewe niliingia duniani kwa njia hiyo, mama yangu akiwa ndani ya engozi. Ni jambo la kawaida kiasi kwamba hakuna aliyefikiri ni sehemu ya mradi wa kompyuta. Nani anaandika kwamba watu wana miguu?

Programu ilianza Kibingo kwa majaribio na ilifanya kazi vizuri. Wagonjwa wa mwanzo walikuwa tayari wamefikishwa zahanati, nesi akabonyeza, gari likaenda, wakaja. Jovin alitembea kwenye korido akiwa amenyoosha mgongo. Kisha ikafika zamu ya Odeta.

Odeta alikuwa mke wa mkulima katika kitongoji kilicho juu kabisa, mbele zaidi ya zahanati, cha watu waliotoka Rwanda enzi za babu zao. Mimba ilikuwa imetimia. Asubuhi moja, mvua ikiwa imekatika, akaanza kutokwa damu kabla ya uchungu. Mhudumu wa afya wa kitongoji akabonyeza simu kama alivyofundishwa, akawaambia watu wa nyumbani kwamba gari linakuja. Mapokezi simu yangu ikalia, wodi ikalia, Projestus akaondoka bila hata kumaliza kikombe chake. Nikawaambia wodi ya wazazi watayarishe chumba cha upasuaji. Kila kitu kilikwenda kama tulivyoandika.

Baada ya muda kioo kikaonyesha "nimefika". Jovin alikuwa amesimama nyuma yangu, akapiga kofi moja la furaha. Tukasubiri "nimempakia". Haikuja. Tukasubiri tena. Kisha simu ikaita, na alikuwa Projestus.

"Mama Koku, hapa nyumbani hakuna mtu."

"Hakuna mtu vipi? Uko nyumba yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe. Kuna bibi kikongwe tu mlangoni. Ananiambia wameshambeba zamani, wameshuka."

"Wameshuka wapi? Hukupishana nao?"

"Wamepita bondeni, waitu. Mimi nimepita barabarani."

Nilielewa papo hapo. Barabara ya gari inazunguka kilima chote. Njia ya engozi inakata katikati ya vibanja, inateremka mpaka bondeni, inatokea barabarani chini kabisa karibu na zahanati. Waliposikia gari linakuja walifanya walichofanya siku zote, wakambeba wakateremka kwenda kulipokea zahanati. Gari lilikuwa linapanda kuwafuata nao wanashuka kulifuata. Nilimpigia mhudumu wa afya aliyekuwa nao, lakini bondeni hakuna mtandao. Nikampigia nesi wa zahanati, naye akashangaa, maana kwenye simu yake gari lilikuwa limefika kwa mgonjwa, kwa hiyo hakuwa akimtazamia mtu.

Projestus aligeuza na kushuka kwa mwendo ambao hakupenda kuuzungumzia baadaye. Aliwakuta zahanati. Muda uliopotea haukuwa mrefu, kwa mtu anayesubiri basi ni mfupi kabisa. Odeta alipasuliwa akapona. Mtoto wake, wa kiume, alikuwa ameshafariki.

Mganga mkuu alisema programu izimwe mpaka hapo itakapoamuliwa. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Jovin alikaa ofisini kompyuta ikiwa imefungwa. Aliniambia kwamba anafikiri kurudi Omurushaka kumsaidia baba yake dukani. Nilimwambia anaweza kwenda kuuza sukari kama anataka, lakini kwanza atanunua kilo chache, kwa sababu kesho tunakwenda Kibingo kutoa pole.

"Nibebe na kompyuta?"

"Iache. Msibani unabeba sukari na sabuni."

Tulipofika tulikaribishwa ndani, tukakaa kwenye mkeka. Aliyetupokea ni Mzee Sebastiani, baba mkwe wa Odeta na kiongozi wa chama cha engozi cha kitongoji. Alitushukuru kwa kuja. Hakutulaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Nikaeleza kwa ufupi tuliyokuwa tumepanga, kwamba gari lingefika mpaka pale mlangoni.

"Sasa hilo la mlangoni nani alituambia?" akauliza Mzee Sebastiani. "Sisi tuliambiwa gari linakuja. Tukasema vizuri, litatukuta zahanati, kama siku zote."

Jovin akauliza, kwa sauti ndogo, "Mzee, msingeweza kusubiri kidogo hapa nyumbani?"

Wanaume waliokuwa mlangoni waligeuka wakamtazama. Aliyejibu ni Mzee Sebastiani.

"Kijana wangu, ingobyi yenye mtu mzima ndani haitui. Ukiitua uani watu wanaanza kulia, na yeye aliye ndani anasikia. Tukishainua tumeondoka. Hata barabarani hatusimami, tunabadilishana mabega tukitembea."

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, akatoka Odeta. Alikuwa amejifunga kitenge na kushika ukuta. Mama mmoja akamwambia arudi kulala. Hakurudi. Alikaa chini, akaanza kusema bila kumwangalia mtu.

"Mimi nililisikia. Nilikuwa nimefunikwa shuka, sioni kitu, lakini nikalisikia linapanda kule juu. Nikamwambia mume wangu, lile ndilo gari langu. Akasema hapana, ni Fuso la ndizi, leo ni siku yao ya kupakia. Nikalisikia linapanda, linapanda, mpaka likanyamaza."

Mume wake aliinuka akatoka nje. Mimi nililia. Nilikuwa nimekwenda kutoa pole, na pole nikapewa mimi. Mtu mmoja alinipa hata khanga nijifute. Siwezi kuwaficha kwamba katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuona aibu na huzuni vikikaa pamoja namna ile.

Odeta akamgeukia Jovin. "Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiyo, dada."

"Sasa mnafanyaje?"

"Mganga mkuu amesema tuizime."

"Mkiizima, gari litajua tunakopita?"

Jovin akaomba karatasi. Karatasi haikuwepo, ikachanwa kwenye daftari la mtoto wa shule, na kalamu ikatoka mfukoni mwa Mzee Sebastiani. Hapo nikamwona kijana wa chuo kikuu akifanya kwa mara ya kwanza kazi niliyokuwa nikimsihi aifanye tangu siku ya kwanza, kuuliza kitu asichokijua bila kuwa tayari na jibu mfukoni. Akauliza njia zinatokea wapi barabarani. Wakamwambia inategemea. Kiangazi wanapita bondeni. Mvua zikizidi bonde linajaa maji, wanazungukia kwenye kahawa za jirani na kutokea juu zaidi. Kukiwa na giza au mgonjwa ni mzito, wanachagua njia ya tatu. Jovin akasema basi ataweka alama zote kwenye simu na mtu achague. Mzee Sebastiani akamuuliza nani atakuwa anachagua, maana wenye njia ndio wenye mabega, na mikono yao imeshika miti.

Ndipo ikaonekana kwamba kinachohitajika si alama bali ni mtu. Mtu asiyebeba, atakayekimbia mbele ya engozi akiwa na simu mpaka pale njia inapokutana na barabara, abonyeze akiwa amesimama pale pale, kisha abaki hapo mpaka gari lije. Dereva asifuate ujumbe wa kwanza uliotoka nyumbani. Ule ni wa kumfanya aondoke tu. Aufuate wa pili. Kwa upande wa programu hilo ni badiliko dogo mno, Jovin alilimaliza baadaye siku moja kabla ya chakula cha mchana. Kwa upande wa mpango ilibidi tuandike ukurasa wote upya, kuanzia watu watakaoitumia, na ile sentensi ya mwisho tuliyoipenda tukaifuta. Mahali pake tuliandika: "Mgonjwa na gari wamekutana."

Mtu huyo tulimwita mtangulizi. Jovin akaandika neno hilo, akachora mstari mbele yake, akauliza nani atakuwa mtangulizi wa kitongoji hiki. Nilikuwa nimemzoesha kutaka jina. Wanaume wakatazamana. Wote walikuwa wabebaji, na kuacha mti ili kukimbia na simu kulionekana kama kukwepa zamu. Mmoja akasema watalifikiria kwenye kikao.

"Niandikeni mimi," akasema Odeta.

Mzee Sebastiani akamwambia, "Mwanangu, wewe hata kukaa huwezi."

"Sitakaa hivi siku zote, baba."

Jovin alinitazama. Nilimwambia aandike. Kama mnataka kujua mpango wa mradi mdogo unaandikwaje, ule uliandikwa hivyo, kwenye karatasi ya mistari ya hesabu, magotini, ikiwa na majina ya waliokuwepo.

Mganga mkuu aliusoma ukurasa ule mpya akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno mtangulizi akauliza kama vitongoji vingine vitakubali. Nikamwambia kila kimoja kitataja jina la mtu wake na kisichotaja hakitaunganishwa. Akaruhusu majaribio yaanze tena. Jovin alizunguka vitongoji vyote vya Kibingo kwa pikipiki, kisha vya Kamuli, na hakubeba kompyuta. Duka la baba yake sijui nani analisaidia sasa.

Hatukupata mwito wowote kutoka kitongoji kile kwa muda mrefu. Masika yakaja, yakapita. Nilianza kuhesabu likizo zangu za mwisho. Kisha mchana mmoja simu zikalia, na mwito ulikuwa wa huko juu. Alikuwa mke wa jirani yao, uchungu umekwama tangu alfajiri. Projestus akaondoka. Nilikaa mbele ya kioo na sikuinuka hata walipokuja watu mapokezi. Nadhani niliwajibu vibaya, na kama ni ninyi mnisamehe. Ujumbe wa pili ulichelewa kiasi cha kunifanya nisimame. Ukaja. Ulitoka chini, kwenye barabara, kule njia ya bondeni inakotokea. Baadaye kidogo ikaja "nimefika", na muda si muda "nimempakia".

Mama yule alijifungua hapa kwetu, mtoto wa kike mwenye sauti ya kusikika hadi kantini. Jioni nilimkuta Projestus kwenye maegesho, anaosha gari ambalo halikuwa chafu sana.

"Mama Koku," akaniambia, "leo nusura nimgonge mtu."

Alisema alipokata kona alimkuta mwanamke amesimama katikati ya barabara, miguu imejaa tope, simu ameifunga kwenye kitenge, mikono ameitanua. Akapiga honi, hakusogea. Akafunga breki karibu kabisa naye, akachungulia dirishani, akamwambia, "Dada, nimeshasimama, pisha basi niegeshe pembeni." Mwanamke akamjibu, "Zima kwanza." Akazima. Hata hivyo hakupisha. Aliweka mikono yote miwili juu ya boneti, akabaki hivyo mpaka engozi ilipotokea migombani.